Sigara Moja ya Mjomba

Wadau, leo nimekumbuka mbali kidogo.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka tisa, pale Ubaruku, Mbarali. Mjomba akirudi jioni kutoka kwenye mpunga, ananipa sarafu: "Mjomba, kimbia dukani uniletee sigara moja." Mwenye duka hakuwahi kuniuliza umri. Nikirudi naiwasha jikoni kwenye kaa la moto, na ili isizimike kabla ya kumfikia mzee, lazima uivute kidogo. Rafiki yangu niliyekuwa nafuatana naye alikuwa anaivuta zaidi ya kidogo...

Cha ajabu, sheria ilikuwepo tayari! Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, ikakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Kumbe kwenye karatasi ni 18, dukani kwetu ni tisa.

Sasa najiuliza, tukipandisha umri hadi 21 itasaidia? Historia ina la kutuambia.

Uingereza ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 16 mwaka 1908. Ikakaa hapo karibu karne nzima, hadi 2007 ilipopanda kwenda 18. Kule Marekani, mji mdogo wa Needham, jimbo la Massachusetts, ulipandisha hadi 21 mwaka 2005. Mwaka 2006, kati ya wanafunzi 100 wa sekondari, 13 hivi walikuwa wamevuta ndani ya siku 30. Mwaka 2010 wakabaki 7. Miji ya jirani nayo ilishuka, lakini kutoka 15 hadi 12 tu.

Sababu haihitaji profesa. Mwenye miaka 18 bado anakaa dawati moja na wa 16, akinunua anamgawia. Wa 21 keshaondoka shule. Ila jamani, kule maduka yalikaguliwa, na aliyevunja sheria alilipa faini. Mwaka 2019 Marekani yote ikafuata.

Karibu na sisi kuna Uganda. Sheria yao ya 2015 iliweka umri wa 21, na papo hapo ikapiga marufuku kuuza sigara mojamoja. Hapo ndipo walipoona mbali. Mtoto hana hela ya pakiti, ana sarafu ya sigara moja.

Kwa hiyo mimi sipingi 21. Ninachosema ni kwamba namba peke yake haimzuii mtoto ambaye ametumwa na mtu mzima, kwa muuzaji asiyeuliza, kununua sigara moja.

Yule rafiki yangu bado yuko Ubaruku, kibarua kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Pakiti moja kwa siku. Alijaribu kuacha mara tatu. Mwaka jana tulikaa nje kwake tunapiga stori, akamwita mwanawe, akatoa sarafu mfukoni.

Nikamwambia, "Acha ndugu yangu, nitaenda mwenyewe." Akaniangalia, akacheka, halafu akanyamaza.

Nawasilisha.