Picha za Akilini: Jambo Lililogunduliwa Mara Mbili

Mwaka 1879 Francis Galton, Mwingereza aliyekuwa binamu wa Charles Darwin, alianza kuwasambazia watu hojaji yenye ombi jepesi. Mtu aikumbuke meza aliyokaa asubuhi kupata kifungua kinywa, kisha aitazame picha inayomjia akilini. Je, ni angavu au imefifia? Vitu vyote vinaonekana kwa pamoja? Rangi za sahani, za mkate na za nyama zimo? Alianza na marafiki zake wanasayansi, kwa kuwa aliwaona ndio watu wa kusema kweli bila kuongeza chumvi.

Wengi wao wakamjibu kwamba hawaelewi anaulizia nini. Kwao, kusema mtu "anaona" kitu kisichokuwepo mbele yake ilikuwa namna ya kupamba maneno tu, na walishangaa kusikia kwamba wapo watu wanaoamini usemi huo kama ulivyo. Galton akageukia watu wa kawaida, wanawake na watoto, wakiwemo wanafunzi 172 wa shule ya Charterhouse. Wengi wa hao wakasema wanaona waziwazi, tena kwa rangi, na wakashangaa kwamba swali hilo linahitaji kuulizwa.

Tangu zama za Wayunani hakuna aliyeishughulikia sana tofauti hii. Aristotle alifundisha kwamba nafsi haifikiri kamwe bila picha. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizipanga hisi za ndani, na hazina ya picha akaiweka sehemu ya mbele ya ubongo. Mfumo wake ulitawala elimu ya nafsi kwa karne nyingi, Mashariki na Magharibi. Lakini wote wawili waliieleza akili ya binadamu kana kwamba ni moja, na kila msomaji aliyekubaliana nao alikuwa akipima kwa kichwa chake mwenyewe. Mjerumani Gustav Fechner aligusia tofauti hizi mwaka 1860, lakini ni Galton aliyekusanya majibu ya watu 100, akayapanga kuanzia picha kali kabisa hadi giza tupu.

Kwa hilo anastahili sifa. Tatizo lake lilikuwa haraka ya kuhitimisha. Alidai kwamba wanasayansi ni dhaifu katika kuona kwa akili kwa sababu wamezoea fikra dhahania, ilhali Darwin mwenyewe, kinara wa wanasayansi wa wakati ule, alikuwa amemjibu kwamba vitu kadhaa vya mezani, miongoni mwake nyama baridi, zabibu na pea, aliviona sawasawa na picha ya kamera. Mwaka 2006 watafiti waliyapitia upya majibu yale ya asili, wakaona kwamba wanasayansi hawakuwa na upungufu aliowapachika.

Galton hakuishia hapo. Akaanza kuyagawia mataifa vipaji: Wafaransa wanaona vizuri, Wasan wa kusini mwa Afrika wanaona vizuri zaidi, na ushahidi wake ukiwa michoro yao ya mapangoni. Alikuwa amesafiri katika nchi inayoitwa sasa Namibia kati ya 1850 na 1852. Lakini Wasan hakuwapa hojaji. Kitabu chake cha mwaka 1883 chenye habari hizi ndicho pia kilichobuni jina la nadharia ya kuchagua nani azae na nani asizae ili kizazi "kiboreke", nadharia iliyokuja kuleta maafa makubwa karne iliyofuata. Alijua kuuliza maswali, lakini majibu aliyalazimisha yafuate imani aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Mwaka huohuo wa 1883 daktari Jean-Martin Charcot wa Paris alieleza habari za mfanyabiashara mmoja, mzaliwa wa Vienna. Mtu huyu alijua lugha nyingi, na alipotaka kukariri maandishi aliyowahi kuyasoma, ukurasa wenyewe ulimjia machoni naye akausoma. Baada ya kipindi cha mahangaiko makubwa, picha zote zikamtoka. Alirudi katika mji aliouzoea akauona mgeni. Nyuso za mkewe na watoto wake hakuweza tena kuzileta akilini, na siku moja alitaka kumpisha mtu mbele yake, kumbe ni sura yake kwenye kioo. Kuanzia hapo ilimbidi ajifunze kukumbuka kwa kusikia: akitaka kitu kikae, alijisemea maneno yake.

Kisa kama hicho kingetosha kuliweka jambo hili mbele ya wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Mary Cheves Perky alionyesha ajabu nyingine. Aliwaambia watu wakodolee kioo na kufikiria tunda, na bila wao kujua akaangaza kwa nyuma picha hafifu ya tunda hilohilo. Wakadhani ni mawazo yao. Baadhi wakashangaa tu kuona ndizi imesimama wima. Lakini mwaka 1913 mwanasaikolojia John B. Watson alitangaza kwamba saikolojia ishughulike na matendo yanayoonekana, basi. Kilichomo kichwani hakipimiki, kwa hiyo kiachwe. Wazo hilo likashika Marekani kwa takriban nusu karne, na utafiti wa picha za akilini ukadumaa.

Ulirudi polepole. Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler walipima muda ambao watu huchukua kulizungusha umbo kichwani, na mwaka 1973 David Marks akatoa hojaji ya maswali 16 inayotumika hadi leo: uso wa ndugu au rafiki, jua linalochomoza, duka, mandhari yenye ziwa. Hata hivyo wataalamu wengi walizama katika ubishi wa picha za akilini ni kitu gani hasa, na swali la Galton, nani anazo na nani hana, likabaki pembeni.

Aliyelirudisha ni mkaguzi wa majengo mstaafu wa Scotland, anayetajwa katika maandiko ya kitabibu kwa herufi MX tu. Alikuwa na umri wa miaka 65 alipozibuliwa mshipa wa moyo, na baada ya hapo picha zikamtoka. Zamani alipenda kujiletea nyuso na mahali kabla ya kulala. Daktari Adam Zeman na wenzake walichapisha habari zake mwaka 2010. Makala ya jarida la sayansi ilipoitangaza habari hiyo, watu 21 walijitokeza wakisema wako hivyo tangu kuzaliwa, na mwaka 2015 Zeman akaipa hali hiyo jina: afantasia. Maelfu wakamwandikia baada ya hapo. Miongoni mwa waliojitaja ni Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, na Glen Keane, aliyemchora nguva wa filamu ya Disney. Watu wa filamu za michoro hai wasioona picha kichwani!

Watu hawa si wapungufu wa akili. Wakiombwa kuchora chumba kwa kumbukumbu, huweka vitu vichache na rangi kidogo, lakini kila kitu hukaa mahali pake, na huongeza vya uongo mara chache kuliko wenzao. Mwaka 2022 watafiti wa Sydney walionyesha kwamba mboni za watu wengi husinyaa wanapofikiria umbo jeupe lenye mwanga, lakini za wenye afantasia hazisinyai. Hoja ya Watson kwamba mambo haya hayapimiki imekwisha.

Kazi iliyobaki inatuhusu na sisi. Hojaji nyingi zimetungwa na kujibiwa Ulaya, Marekani na Australia, wakati kwetu wapo watu wanaohifadhi kwa moyo kazi ndefu sana. Wanafunzi wa kuhifadhi Kurani hushauriwa washike msahafu wa chapa moja ili mahali pa kila aya pasibadilike. Yupo bila shaka anayeuona ukurasa, na yupo anayeisikia sauti ya mwalimu wake. Walimu wa hifdhi na wahadhiri wa saikolojia wa vyuo vyetu wawaulize, na majibu wayaandike kwa Kiswahili.