Kesi Iliyotoka Dodoma Ikafika Arusha

Sogeeni karibu na redio, tuanze.

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi katika Mahakama Kuu, hapa Dodoma. Miongoni mwa maswali yake lilikuwa hili: je, mtu asiyetaka kuingia chama cho chote cha siasa hana ruhusa ya kuomba kura? Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akakata shauri kwamba anayo. Lakini Bunge likabadili Katiba, mlango ukafungwa. Mtikila hakuchoka. Alifungua kesi nyingine Dar es Salaam, akashinda mwaka 2006. Serikali ikakata rufani, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kuwa jambo hilo ni la Bunge.

Pengine utauliza: baada ya Mahakama ya Rufani, mtu aende wapi tena? Ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoanza kazi mwaka 2006 na kuhamia Arusha mwaka 2007. Ina majaji 11, wala hawawi wawili wa nchi moja. Wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika ndio wawachaguao, kwa miaka 6. Rais wao hukaa Arusha. Wenzake huja wakati wa vikao, kisha hurudi makwao. Nchi ikishtakiwa, jaji wa nchi hiyo hakai kitini. Kwa hiyo Jaji Augustino Ramadhani, Mtanzania, hakuisikiliza kesi ya Mtikila. Ni sawa kabisa. Hata mzee wa kijiji hafai kuamua ugomvi wa ndugu yake.

Tarehe 14 Juni 2013 majaji walisema Tanzania imevunja haki za Mtikila, wakaiagiza irekebishe sheria. Lakini mahakama hii haina polisi wala jela. Hupeleka taarifa kwa Umoja wa Afrika, nao ndio wa kuihimiza nchi. Mtikila alifariki Oktoba 2015, na uchaguzi wa mwezi huo huo ulikuwa bado wa watu wa vyama tu.

Sikiliza na hili. Lazima kwanza umalize mahakama za nyumbani, kama alivyofanya yeye. Tena raia hawezi kwenda Arusha mwenyewe ila nchi yake iwe imetoa tamko la kumruhusu. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010. Novemba 2019 ikaarifu kwamba inaliondoa, na mwaka mmoja baadaye likaondoka. Kesi zilizokwisha pokelewa hazikufutwa.

Kwa juma lijalo, andika sentensi tatu: nani huwachagua majaji wa Arusha, na kwa nini kesi ya Mtikila haikuishia Dodoma?