Redio, Kaseti na Simu: Yaliyotupata Watu wa Chovae



Ndugu zetu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi, haipiti wiki ila mzazi mmoja hutusimamisha mlangoni mwa madrasa akatuuliza: "Maalim, huyu mtoto simu nimpe au nisimpe?" Mwengine hulalamika kuwa simu imewaharibu vijana, na huku anayasema hayo simu yake i mkononi. Tumeona badala ya kumjibu kila mtu peke yake tuwaeleze kisa cha watu wetu wa Chovae na vyombo hivi, toka redio ya betri mpaka simu ya leo. Ndani yake limo kosa tulilolifanya wenyewe, na hatulifichi, ili mwenye kuzingatia azingatie.

REDIO

Chovae ni kimoja katika visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayo, jirani na Koyama na Chula. Watu wake ni wavuvi na mabaharia. Tulipokuwa watoto, katika miaka ya 1980, umeme hatukuwa nao. Chombo cha fahari nyumbani kilikuwa redio ndogo ya betri, na betri zikichoka zikianikwa juani ili zivute siku mbili tatu zaidi. Redio haikuwashwa ovyo. Ikingojwa saa ya habari, wazee wakae kitako barazani, na mtoto asiseme neno.

Chombo hicho kina historia yake. Zamani redio ilikuwa sanduku kubwa lenye kutaka umeme au betri nzito. Redio ndogo za transista zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, na mwaka huohuo Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. BBC nayo ikafuata tarehe 27 Juni 1957. Kwa hivyo watu wa pwani na visiwani walipata chombo cha kubebeka, na lugha wanayoifahamu, katika muda usiopishana sana.

Je, wazee wetu walikipokea bila ya shaka? La. Kila kitu kigeni kina wenye kukiogopa, na hofu si jambo la kuchekwa. Lakini maulamaa wengi walikitazama chombo kwa kazi yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu, alianza kutoa gazeti la Sahifa hapo Mombasa mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, akatumia karatasi na chapa kuwazindua Waislamu. Huko Misri, Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary alirekodi Qur'ani nzima mwaka 1961, na mwaka 1964 ikafunguliwa idhaa maalumu ya Qur'ani mjini Cairo. Chombo kilekile kilichoweza kuleta upuuzi kikaleta Kitabu cha Allah mpaka kwa mtu aliye mbali na msikiti mkubwa.

KASETI

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na simu za serikali zikafa pamoja nayo. Visiwa vyetu vikavamiwa na watu wenye bunduki. Mashua, nyavu na akiba za watu zikachukuliwa. Wengi tulipanda vyombo tukakimbilia Kenya, tukaishi katika kambi za kando ya Mombasa kama ile ya Jomvu. Wazee wengine hawakukubali kuondoka, na wengine walirudi baadaye.

Sasa utapataje habari za baba yako? Njia moja ilikuwa redio kol. Ukenda mahali penye mtambo, ukalipa, ukaitiwa jamaa yako upande wa pili. Lakini sauti hiyo husikiwa na kila aliye na mtambo kama ule, basi siri ya nyumba haisemeki. Watu wakisema salamu, nani kazaliwa, nani kafariki, wakafunga.

Njia ya pili, na iliyokuwa tamu zaidi, ni kaseti. Chombo hiki kilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, nacho ni rahisi, na zaidi ya yote hakimtaki mtu ajue kuandika. Bibi asiyejua kusoma aliweza kuituma sauti yake kwa mkono wa baharia.

Sisi tuliletewa moja mwaka 1994. Babu yetu wa Chovae alizungumza pande zote mbili za kaseti. Alitusalimu mmoja mmoja kwa majina, akatutajia visima, mikondo ya maji, miamba ya kuepukwa usiku, na makaburi ya wazee wetu yalipo. Yote kwa Kibajuni cha kwao, ambacho mtu huitwa mchu. Tulimsikiliza mara nyingi, mama akilia.

Kisha siku moja sisi vijana wa nyumba ile tulitaka kurekodi mpira uliokuwa ukitangazwa redioni. Kaseti tupu hatukuwa nayo. Tukaichukua ile ya babu, tukaitia, tukabonyeza. Tulipokuja kutanabahi, upande mmoja na nusu ya wa pili ulikuwa kelele za mpira. Babu alifariki kabla hatujamwona tena. Hatukumbuki hata nani alishinda mchezo ule.

SIMU

Simu za mkono zilipoenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, mambo yaligeuka upesi. Mwezi Machi 2007 ikaja M-Pesa, na mtu akaweza kumtumia mama yake pesa ya dawa bila ya kumtafuta msafiri mwaminifu. Tuliishuhudia neema hiyo, na anayeikana hajapata kungoja mashua wiki mbili.

Wako pia waliotaka kuufunga mlango moja kwa moja. Kismayo ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab toka 2008 mpaka 2012, na mwezi Januari 2014 kundi hilo liliamuru makampuni ya simu Somalia yaizime intaneti ya simu katika muda wa siku 15. Aliyekuwa na mwana ughaibuni alihukumiwa asimwone. Sisi hatuoni kuwa huko ni kuihifadhi dini. Kuunga kizazi ni wajibu, na chombo kinachounga kizazi hakivunjwi kwa sababu mwengine anakitumia vibaya.

SAUTI ILIYOTAKIWA

Wabajuni wengi walifika mpaka Uingereza kuomba hifadhi. Huko waliulizwa habari za visiwa vyao, na wengine wakahojiwa kwa simu, sauti ikarekodiwa, ili mchambuzi wa lugha atoe rai yake: msemaji huyu atoka Somalia au Kenya? Kijana aliyelelewa kambini na mitaa ya Mombasa, Kiswahili chake kimekuwa cha Mombasa. Anaulizwa visima na mikondo ya kisiwa alichokiacha akiwa mtoto mchanga, naye hana la kujibu.

Mmoja wa jamaa zetu alipita katika mtihani huo. Alitupigia simu usiku akatuuliza: "Kaka, babu alisema kisima cha zamani kiko upande gani?" Tukanyamaza. Jibu lilikuwa ndani ya kaseti ile.

RAI YETU

Kwa hivyo, mzazi unayetuuliza, jibu letu ni hili. Kwa lugha yetu jahazi ni chombo, na kifaa pia ni chombo. Mwenye jahazi hutaka kujua shehena ni nini na nahodha ni nani. Mtoto mdogo hapewi usukani. Mkubwa hupewa, na mzazi akae karibu naye. Usiku simu ilale chumbani kwa wazazi. Na habari yoyote isipelekwe kwa wengine kabla ya kuhakikishwa, kama tulivyofundishwa katika Suratul Hujuraat.

Lakini msiishie kukataza. Simu iliyomo mfukoni mwa mwanao inachukua sauti nyingi kuliko kaseti zote tulizowahi kuwa nazo. Basi wiki hii, enyi wanafunzi wetu, nendeni kwa babu na bibi zenu, mkawaombe ruhusa kwa adabu, mkawarekodi. Waulizeni majina ya wazee wao, vijiji, visima, pepo na samaki, na dua walizofunzwa utotoni. Msiwakatize wala msiwasahihishe lugha. Kisha nakala moja muiweke kwa mtu mwengine, kwani simu huibiwa na simu huanguka majini.

Na kabla ya kufuta chochote ili kupata nafasi ya mpira, sikilizeni kwanza ni sauti ya nani.

Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atukutanishe nao katika kheri. Aamin.

Wabillaahi tawfiq.