Mchezo wa Vikombe Paris: Utapeli wa Miaka 500

Karibu na Mnara wa Eiffel unaweza kumkuta jamaa kachuchumaa na vikombe vitatu: otea kimpira kilipo, uondoke na euro. Mchezo wa kitambo huo! Nje kidogo ya Paris, mji wa Saint-Germain-en-Laye, kuna mchoro unaohusishwa na Hieronymus Bosch, una miaka kama 500. Mtu wa vikombe yuko mezani, mtazamaji kainama kakodoa macho, na nyuma yake jamaa anaangalia juu kama hayumo, mkono uko kwenye pochi ya mwenzie. Yaani hata usipoweka dau, unalizwa. (Mchoro wenyewe uliibwa 1978, ukapatikana 1979.) Na wale wanaoshinda pale Eiffel wakishangilia? Timu moja na mwenye vikombe.