Jinsi wenye maduka wanavyoweza kupunguza malori mjini

ASUBUHI katika barabara nyingi za katikati ya Nairobi, lori husimama mbele ya duka, likateremsha katoni tatu za sabuni na kuondoka. Punde si punde jingine hufika kwenye mlango uo huo likiwa na mafuta ya kupikia, kisha la tatu likileta madaftari na kalamu. Kila moja huziba sehemu ya njia, na aghalabu limeingia mjini likiwa nusu tupu.

Msongamano wa aina hii hautokani na wingi wa bidhaa pekee. Chanzo chake kingine ni kwamba kila mwenye duka huagiza kivyake na kila msambazaji hupeleka kivyake. Duka lenye wasambazaji 10 hutembelewa na magari 10, hata kama shehena yote ingetoshea katika gari moja. Barabara yenye maduka 50 ya namna hiyo, ikiwa kila msambazaji huja mara moja kwa wiki, hupokea magari 500 kila wiki.

Gharama yake hulipwa na wengi. Mteja hukosa mahali pa kupita, mwenye duka huacha kuuza ili apokee mizigo, dereva hupoteza mafuta akizunguka kutafuta pa kuegesha, na wakazi huvuta moshi.

Bohari moja, gari moja

Njia mojawapo ya kukabiliana na hali hii ni ujumuishaji wa mizigo. Bidhaa za maduka mengi hupelekwa kwanza katika bohari iliyo pembeni mwa mji. Humo hupangwa upya kulingana na barabara na mlango zinakokwenda, wala si kulingana na kampuni zilikotoka. Hatimaye gari moja lililojaa huingia mjini na kuwagawia wote kwa saa walizokubaliana.

Japani ni miongoni mwa nchi zilizotangulia. Huko Tenjin, kitovu cha biashara cha mji wa Fukuoka, makampuni ya uchukuzi yalianza kusambaza mizigo kwa pamoja mwaka 1978. Katika mtaa wa Motomachi mjini Yokohama, chama cha wenye maduka ndicho kilichosimama kidete, na mpango wake ukaanza mwaka 2004.

Mwaka uo huo, mji wa Bristol nchini Uingereza ulifungua kituo cha kuhudumia maduka ya eneo la Broadmead. Safari za magari ya kupeleka bidhaa kwa maduka yaliyojiunga zilipungua kwa takriban asilimia 75. Baadaye mji jirani wa Bath nao ulijumuishwa. Jijini London, maduka ya barabara ya Regent Street yaliyoshiriki mpango uliobuniwa na Crown Estate, mmiliki wa sehemu kubwa ya majengo ya barabara hiyo, yalipunguza safari kama hizo kwa hadi asilimia 80.

Funzo la Nijmegen

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi kwa wafanyabiashara wadogo ni wa Nijmegen, Uholanzi. Huduma iliyoitwa Binnenstadservice ilianzishwa humo mwaka 2008 ikiwa na maduka 20. Mwaka mmoja baadaye, maduka 98 yalikuwa yamejiunga.

Waanzilishi hawakuanza kwa kuyashawishi makampuni ya malori bali waliwaendea wenye maduka, hasa wale wadogo. Mwenye duka alibadilisha tu anwani ya kupokelea bidhaa, ikawa ya bohari, na huduma hiyo ya msingi hakuitozwa. Alilipia huduma za ziada kama kuhifadhiwa bidhaa, kupelekewa wateja mizigo nyumbani na kuondolewa maboksi matupu. Kwa mwenye duka dogo asiye na stoo, hizo zilikuwa faida za kuonekana kwa macho.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa na mipaka. Uchunguzi uliofanywa baada ya mwaka wa kwanza ulibaini kuwa ubora wa hewa haukubadilika sana, kwa kuwa magari mengi bado yalikuwa yakiingia mjini kuhudumia maduka ambayo hayakuwa yamejiunga.

Mbona mipango mingi hufa?

Si kila mpango uliodumu. Katika mji wa Leiden, pia nchini Uholanzi, kituo cha aina hii kilifungwa mwaka 2000 kwa kukosa wateja wa kutosha. Mingine barani Ulaya ilikwama pindi ruzuku ya serikali ilipokoma.

Sababu kuu ni pesa. Kushusha na kupakia mizigo mara ya pili kuna gharama. Anayeokoa muda na mafuta ni msambazaji, anayenufaika na hewa safi ni umma, lakini anayetakiwa kulipa huwa ni mwenye duka. Wasipokubaliana mapema jinsi ya kugawana mzigo huo, mpango huporomoka. Vilevile kuna suala la uaminifu: nani atawajibika katoni ikipotea, na mshindani atajuaje nimeagiza nini?

Mahali pa kuanzia

Bohari si lazima iwe hatua ya kwanza. Wenye maduka wa barabara moja wanaweza kuandika kwa wiki mbili magari yote yanayowafikia, saa yanapofika na yalichobeba. Orodha hiyo itawafichulia wasambazaji wanaowahudumia wote. Hao wanaweza kuombwa wawe na siku moja ya kufika mtaani, badala ya kila mmoja kuitiwa lori siku yake.

Hatua ya pili ni kuchagua kwa pamoja mtoaji mmoja wa vitu vinavyotumiwa na kila duka, mathalan maji ya kunywa, karatasi na uzoaji wa taka. Ya tatu ni kupanga saa za kupokea mizigo kabla ya wateja kufurika. Dawa na vyakula vinavyohitaji baridi vitengewe utaratibu wake.

Kaunti nazo zina nafasi yao. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi usimamizi wa barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Kutenga sehemu ya kuteremshia mizigo kwa maduka yaliyoungana ni kichocheo kisichohitaji fedha nyingi. Wahusika wakumbuke tu kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza mapatano ya kupanga bei: wanaruhusiwa kuchangia lori, si kuafikiana kiasi cha kumtoza mteja.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Kina mama wauzao mboga katika mtaa mmoja huamka alfajiri, wakaenda sokoni, kila mmoja akanunua gunia lake na kulitia alama, kisha wakachanga nauli ya pikapu moja ya kuwarejesha. Hakuna anayeacha kuwa mshindani wa mwenzake kibandani. Wanachokataa ni kulipia magari matano pale ambapo moja linatosha.