Siku Arobaini za Mzazi: Historia ya Kukandwa Katika Ardhi ya Katavi

Katika nyumba nyingi za Mpanda, mkoani Katavi, siku za kwanza baada ya kujifungua huanzia jikoni, kwenye sufuria la maji. Yakishapata moto, mzazi huketishwa kwenye kigoda, na mama yake, mama mkwe au bibi mzoefu huchovya kitambaa, hukikamua, kisha huanza kumkanda mgongo, kiuno na nyonga. Akimaliza humfunga tumbo kwa kanga, humpa uji wa moto na kumwambia alale. Kazi hiyo haina cheti wala mshahara. Hata hivyo ni tiba ya viungo iliyotangulia hospitali zote za mkoa huu, na historia ya afya ya Katavi imezoea kuandikwa bila kuitaja.

Hii ni nchi ya Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Watongwe, ambao baadaye walipata majirani wengi: Wafipa kutoka kusini, Wasukuma na mifugo yao, Warundi waliokimbia vita. Kila kabila lilikuja na namna yake ya kumtunza mzazi, lakini msingi ulikuwa mmoja. Mwanamke aliyejifungua hurudishwa nguvu na wanawake wenzake, na muda wa kufanya hivyo una mpaka. Waswahili wa pwani waliuita arobaini. Warundi wana neno lao, ikiriri. Mwili wenyewe unaafiki hesabu hiyo. Mfuko wa uzazi, ambao mtoto akitoka huwa na uzito unaokaribia kilo moja, huhitaji takriban wiki sita kurudi kwenye uzito usiofika gramu 100.

Tiba ya kigeni ilianzia mwambao wa ziwa. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 wakakikabidhi kwa mapadri wa White Fathers. Miaka minne baadaye alifika Adrien Atiman. Alizaliwa katika bonde la mto Niger, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kupelekwa Malta kusomea utabibu. Alipowasili Karema mwaka 1889 alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alioa huko, akatibu huko, na alipofariki mwaka 1956 alikuwa amewahudumia watu wa mwambao ule kwa miaka 67.

Lakini Karema ilikuwa moja, na nchi ni pana. Mzazi aliyekuwa siku kadhaa za mguu kutoka misheni alibaki mikononi mwa bibi. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi makubwa ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Lengo lilikuwa kuufyeka msitu na kuwapima watu damu kwa urahisi. Mgongo wa mama aliyejifungua juzi haukuwa katika ratiba ya mganga wa serikali.

Kisha yakaja madini. Risasi ya Mpanda ilivuta kampuni, kampuni ikavuta reli, na mwaka 1950 tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua likafika mjini. Vibarua walitoka kila upande wa nchi, na wake zao wakafuata. Kwa mwanamke, maisha ya mji wa mgodi yalikuwa na jambo moja gumu: mama mzazi alibaki mbali, na shangazi pia. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, kampuni iliondoka lakini reli ilibaki, na watu wakabaki.

Miongo kadhaa kabla ya hapo, huko London, kazi ya mikono ilikuwa imepata njia nyingine. Mwaka 1894 wauguzi wanne walianzisha chama cha wakandaji waliosomea kazi yao, ili kuilinda isichafuliwe na matapeli. Mmoja wao, Rosalind Paget, alikuwa pia mkunga. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza. Mwaka 1912, katika hospitali ya St Thomas', Dk. J. S. Fairbairn alimwomba Minnie Randell, muuguzi na mkunga aliyebobea pia katika tiba ya mikono, atunge mazoezi ya wanawake waliotoka kujifungua. Enzi hizo mzazi wa Ulaya alilazwa kitandani wiki nzima au mbili bila kukanyaga chini, miguu ikalegea na damu ikaweza kuganda kwenye mishipa. Mwaka 1948, Mmarekani Arnold Kegel akachapisha mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga kwa wanawake wanaovuja mkojo baada ya kuzaa.

Kwa hiyo fiziotherapia ya uzazi ina damu moja na kukandwa. Zote mbili zilianzia kwenye mikono ya wanawake kandokando ya kitanda cha mzazi. Kilichozitenganisha ni shule, vitabu na vyeti.

Mafunzo ya fiziotherapia Tanzania yalipata chimbuko lake Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na wanafiziotherapia wengi wa nchi hii wamesomea huko. Kazi iliyowasubiri ilikuwa nzito: watoto wenye polio, wagonjwa wa ukoma, majeruhi wa barabarani. Mama mwenye maumivu ya kiuno alikuwa nyuma ya foleni, na aliyekuwa Mpanda hakuwa hata kwenye foleni. Miaka hiyohiyo wilaya ya Mpanda ilikuwa inapokea maelfu ya Warundi, waliopewa ardhi Katumba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Mishamo kuanzia mwaka 1978. Walifyeka msitu, wakalima, wakazaa na kukandana, na mwaka 2014 wakimbizi zaidi ya 162,000 wa kundi hilo nchini wakakubaliwa uraia.

Katavi ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, makao yakiwa Mpanda, takwimu zake zilianza kuonekana peke yake, nazo zilishtua. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani humo walikuwa wamekwishazaa au walikuwa wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Nyonga ya msichana wa miaka 15 bado inakua. Uchungu ukikawia na msaada ukichelewa, kichwa cha mtoto hubana kibofu na mishipa ya fahamu, na matokeo yake huwa fistula (tundu linalovujisha mkojo), au mguu unaoburuza unyayo. Upasuaji huziba fistula. Mguu hurudishwa na mazoezi ya miezi.

Wengine hawaumii kiasi hicho, lakini huumia. Mimba hulegeza viungo vya nyonga, nao mgongo hupinda kubeba uzito wa mbele, ilhali ndoo ya lita 20 bado inasubiri bombani na kuni bado ziko porini. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mazoezi ya mara kwa mara wakati wa ujauzito ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga, na likataja fiziotherapia na mikanda ya kushikilia tumbo kati ya tiba za maumivu hayo. Mkanda huo ni dada yake kanga.

Bibi naye ana ya kujifunza. Maji yanayounguza hayafai juu ya mshono wa upasuaji wala wa njia ya uzazi, na kukandamiza tumbo la mjamzito ili kumgeuza mtoto kunaweza kuwaua wote wawili. Lakini anajua jambo ambalo kliniki huliharakisha: kukaa na mzazi, kumgusa, na kumuuliza panauma wapi.

Mwongozo wa Tanzania unamtaka mzazi arudi kliniki ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Tarehe ya mwisho huangukia siku mbili tu baada ya arobaini, wakati mama ameshaanza kutoka nje na mtoto mgongoni. Siku hiyo muuguzi hupima presha, huangalia mshono na kuzungumzia uzazi wa mpango. Huo ndio wakati wa kumuuliza pia kama mkojo unamvuja akikohoa, kama kiuno kinamruhusu kuinama shambani, na ni nani aliyemkanda.