Mzinga wa seli sita

Huku kwetu Mwingi ukitaja mzinga, mtu anafikiria gogo lililotundikwa mtini na asali ndani yake. Leo nawaletea mzinga mwingine, wa seli sita, usiobadilika kamwe.

Miaka ya 1940, Stanislaw Ulam na John von Neumann waliwaza ulimwengu wa miraba, kila mraba ukiwaangalia majirani zake tu. Hiyo ndiyo otomata ya seli. Oktoba 1970, Martin Gardner akaandika katika Scientific American kuhusu Mchezo wa Uhai wa John Conway, mwanahisabati wa Cambridge. Kanuni ni chache: seli hai yenye majirani hai 2 au 3 inabaki, vinginevyo inakufa. Nafasi tupu yenye majirani hai 3 kamili inapata uhai. Zote hubadilika kwa pamoja.

Conway na wenzake walianza kwa mkono, kwa kete juu ya ubao wa Go. Umbo moja la seli 5 tu linahangaika vizazi 1,103 kabla ya kutulia, na kati ya mabaki yake kuna mizinga 4.

Mzinga unatuliaje? Kila seli yake hai ina majirani hai 2, basi inabaki. Nafasi mbili tupu za ndani zina majirani hai 5 kila moja. Zimesongwa, hakuna kinachozaliwa.

Sasa aibu yangu. Niliandika programu ya mchezo huu kuwaonyesha wanafunzi wa sekondari. Niliijaribu kwa mzinga: vizazi mia, haukutikisika. Nikajipongeza. Siku yenyewe stima ikapotea, tukacheza kwa vifuniko vya soda juu ya ubao wa drafti. Msichana mmoja akapanga vitatu kwa mstari: vikasimama, vikalala, vikasimama tena. Stima iliporudi, programu yangu ikavivuruga.

"Mwalimu, kompyuta yako inakosea."

Kweli. Nilikuwa nabadilisha kila seli papo hapo, kabla sijahesabu majirani wa zilizobaki. Mzinga usingeweza kunifichua: kama hakuna seli inayobadilika, kuzibadilisha moja moja au kwa pamoja ni mamoja.

Kwa hiyo wenzangu mnaoandika programu, kilichotulia kisiwadanganye. Jaribuni kwanza kinachosogea.